Noah yangu imevalishwa rimu za 17: trafiki anasema zimetoka nje, na bima je?

MamaDagaa_Igoma

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie, nauandika kwa vipande huku nasubiri wapakizi hapa Mwaloni.

Mimi ni mama wa dagaa. Nachukua mzigo hapa Kirumba napeleka Shinyanga mara mbili kwa wiki, siku zilizobaki nasambaza mjini. Gari ni Toyota Noah, ile ya zamani yenye mlango wa kusukuma, AZR60. Niliinunua kwa mkopo wa benki, na benki wakanilazimisha kukata bima kubwa, ile inayolipia mpaka gari lako. Bila wao mimi ni mtu wa bima ndogo maisha yote. Thamani iliandikwa milioni 14, nikalipa asilimia 3.5, yaani 490,000, ikaja VAT ikawa 578,200. Risiti ipo kwenye droo na kila nikiiona inaniuma.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Ukerewe siku nne, gari nikamwachia mdogo wangu. Narudi, nakuta Noah imekuwa bwana harusi. Rimu nyeusi za inchi 17, spoku tano, matairi mapya membamba kama kandambili. Ananiambia, "Dada, nimekupa zawadi." Laki tisa, kwa jamaa mmoja wa Kitangiri. Zawadi kweli, ila hela aliitoa kwenye mauzo yangu ya wiki.

Basi nikasema potelea mbali, gari limependeza. Shida zikaanza nilipopakia. Nikipita matuta ya Buhongwa na magunia sita nyuma, nasikia krrrr, kama mtu anakuna sufuria iliyoungua. Nikifika 80 usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nikipunguza hadi 70 unatulia. Na milango ya nyuma sasa inarukiwa tope mpaka kwenye kitasa, jambo ambalo halikuwepo.

Juzi pale Usagara askari akanisimamisha. Alizunguka gari polepole, akainama, akaweka kiganja kati ya tairi na bodi, akaniambia: "Mama, haya yametoka nje. Ukipata ajali bima hawakulipi." Hakuniandikia kitu, akaniruhusu niende. Lakini afadhali angeniandikia, maana lile neno limenikaa kifuani mpaka leo.

Naomba kujua. Kubadilisha ukubwa wa rimu ni kosa? Bima kweli wanaweza kukataa kwa sababu ya rimu? Nikawaambie au nikae kimya? Rimu za zamani bado zipo, nimezikuta nyuma ya banda la kuku.

Kijana_wa_Pasiansi

Dada tulia. Nina IST yenye 17 tangu mwaka juzi, Mwanza nzima naizunguka, hakuna aliyeniuliza. Hiyo krrrr pinda kidogo ukingo wa digadi kwa ndani, itaisha. Bima hawana muda wa kupima rimu.

FundiTairi_Nyakato

Dada, usipinde kitu. Soma kwanza.

Kaa na tochi ya simu, piga picha vitu vitatu: maandishi ya ubavuni mwa tairi jipya, chapa iliyo nyuma ya spoku ya rimu mpya, na chapa ya rimu ya zamani huko bandani. Halafu fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi imebandikwa. Ni Kijapani lakini namba hazina kabila, inasema ukubwa wa tairi na upepo. Andika vyote hapa.

MamaDagaa_Igoma

Nimefanya hivyo, kuku wamenishangaa.

Nguzo ya mlango: 195/65R15. Rimu ya zamani: 15x6JJ, ET50. Tairi jipya: 205/45R17 84W. Rimu mpya: 17x7.5J, ET35. Na nyuma ya rimu mpya tundu la katikati ni kubwa kuliko kile kichwa cha gari kinachoingia pale. Kidole changu kidogo kinapita.

FundiTairi_Nyakato

Wabeja, asante. Sasa tunaongea.

Ubavuni: 205 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni rimu. Tairi lako la zamani lilikuwa na ubavu wa milimita 127 hivi. Hili jipya lina 92. Umepoteza karibu milimita 35 za mpira, na huo mpira ndio uliokuwa unameza mashimo kabla hayajafika kwenye rimu na shokapu. Wewe unashuka na dagaa hadi Shinyanga, siyo unazunguka Capri Point Jumapili.

Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na chini, la zamani lilikuwa na kimo cha milimita 634, hili lina 616. Limepungua kwa karibu asilimia 3. Kwa hiyo ukiona 80 kwenye dashibodi, kweli unatembea kama 78. Hapo una bahati, kosa limeangukia upande wako. Wapo wanaoweka tairi refu, dashibodi inasema 50 kumbe wako 53, halafu wakikamatwa na tochi ya kupima mwendo mjini wanamlaumu askari.

Kwa nini limetoka nje? ET ni umbali kati ya katikati ya rimu na pale inapogusana na gari. ET ikishuka kutoka 50 hadi 35, gurudumu zima linasogea nje milimita 15. Halafu rimu imepanuka inchi moja na nusu, kutoka 6 hadi 7.5, nusu ya hiyo inaangukia nje, milimita 19. Jumla 34. Yule askari kiganja chake hakikudanganya. Gari likibeba mzigo linashuka, ukingo wa digadi unakata tairi. Hiyo ndiyo krrrr. Ukipinda ukingo unazima sauti tu. Bearingi zinaendelea kubeba mzigo uliosogezwa nje, na tope linaendelea kula milango.

Kutetemeka: rimu za mtaani zimetobolewa tundu kubwa katikati ili ziingie magari mengi. Toyota yako ina kichwa cha milimita 60.1. Kati yake na rimu inatakiwa ringi, ya plastiki au alumini, izibe ile nafasi gurudumu likae katikati kamili. Hukuwekewa. Ringi nne ni hela ndogo sana.

Yote hayo tunayarekebisha. Ninaloliogopa ni lile 84. Ni namba ya uzito: tairi moja linaruhusiwa kilo 500. La zamani kwa kawaida lina 91, yaani kilo 615. Kadi ya gari inasema uzito gani, na gunia lako moja kilo ngapi?

MamaDagaa_Igoma

Kadi: mtupu 1,480, na mzigo 1,920. Gunia kwenye mizani ya Mwaloni ni kilo 60 na ushee. Magunia sita. Mimi na kijana wa kupakua, tuseme 140 sisi wawili. Mimi ndiye mzito, msiulize.

FundiTairi_Nyakato

1,480 na 140 na 370 ni 1,990. Umeshapita kadi kwa kilo 70 hata kabla ya kuzungumzia rimu. Magunia mawili yateremke.

Sasa nyuma peke yake. Noah tupu inalalia matairi ya nyuma kilo 600 na kitu. Magunia karibu yote yako nyuma ya ekseli au juu yake. Matairi mawili ya 84 mwisho wao ni kilo 1,000. Umefika ukingoni ukiwa umesimama. Shimo moja kule Mabuki, jua la saa nane, na upepo umepungua kidogo, tairi linapasuka. Yale ya 91 yangekupa 1,230.

Na kitu kingine, nenda kaangalie sasa hivi kabla hujalala: nati. Fungua moja. Je, upande unaogusa rimu ni bapa kama sahani au ni mchongoko kama karoti?

MamaDagaa_Igoma

Nimemwamsha mdogo wangu afungue. Ni bapa, ina kisahani chake. Matundu ya rimu mpya ni ya mviringo unaoingia ndani kama faneli. Na nati mbili za kulia nyuma amezifungua kwa mkono bila kutumia nguvu. Ananiangalia haongei.

FundiTairi_Nyakato

Hiyo gari isitoke hapo. Nati bapa ni za rimu za alumini za kiwandani za Toyota. Rimu zako mpya zinataka nati za mchongoko, ndizo zinazokaa kwenye hiyo faneli. Bapa inagusa ukingo tu, inajilegeza yenyewe, inakula tundu, siku moja gurudumu linakupita barabarani unalisalimia. Kesho rudisha za 15 kwa nati zile zile bapa, mwambie fundi akaze kwa spana ya kipimo, 103 Nm, siyo kwa kurukia bomba. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena.

Kama roho bado inataka 17, zipo njia: 205/50R17 yenye namba 93, kilo 650 kwa tairi, kimo chake kinatofautiana na cha kiwandani kwa milimita 2 tu. Rimu ya 7J, ET 45 au karibu na hapo. Hiyo haitoki nje kama hizi.

Kuhusu kosa: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watu. Rimu ya 17 yenyewe siyo ubovu. Tairi linalokatwa na bodi, nati zinazolegea, tairi lililozidiwa uzito, huo ni ubovu, na askari anakuandikia elfu 30 yake. Huko Japani lilikotoka gari lako, gurudumu likitokeza namna hiyo nje ya digadi halipiti ukaguzi.

Mstaafu_wa_Madai

Binti yangu, nimestaafu. Nilikuwa upande wa madai kwenye bima, Bukoba kisha hapa Mwanza. Nitakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wateja dirishani, tofauti ni kwamba wao walikuwa wanafika na picha za gari lililopondeka. Wewe umewahi.

"Hawakulipi" ya yule askari si uongo, ila ameifupisha mno. Ajali ikitokea anakuja mtathmini. Na nakuhakikishia, kijana wa Pasiansi, muda wa kupima rimu anao, ndiyo kazi anayolipwa. Mimi nimetembea na watathmini. Kitu cha kwanza wanachuchumaa kwenye matairi. Kama yana kipara mpaka kwenye vile vijiti vya alama vilivyo ndani ya mfereji, ambavyo vimewekwa kwenye milimita 1.6. Yametengenezwa lini, zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni, kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ukubwa ukoje.

Halafu linakuja swali kubwa: kilichobadilishwa kilichangia ajali? Umesimama kwenye foleni ya Mabatini, lori likakugonga kwa nyuma, rimu zako haziingii hapo. Ukibanwa, bishana, una haki. Lakini gurudumu lichomoke njiani uingie mtaroni, mtathmini akute nati bapa kwenye tundu la mchongoko na tairi la kilo 500 chini ya magunia ya dagaa, basi umewapa wenyewe kifungu cha gari kutokuwa katika hali salama. Hapo hata mimi niliyekuwa nawatetea wateja ningekosa pa kushika.

Kunyamaza ndiyo kosa la pili. Mkataba wa bima unasimama juu ya uwazi: lolote linaloweza kuifanya kampuni iongeze bei au ikatae, unaiambia, na likibadilika katikati ya mwaka unaiambia pia. Barua ya mistari minne, tarehe, namba ya gari, ukubwa wa zamani na mpya. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikubali wanakupa karatasi ya nyongeza. Kumwambia wakala kwa simu si kuwaambia bima. Wakala ataapa hakusikia.

Jambo dogo: rimu za laki tisa hazimo kwenye milioni 14 zako. Zikiibwa Noah ikabaki juu ya mawe, utalipwa za kiwandani, tena ukibahatika. Ukitaka ziingizwe, kwa kiwango chako ni 31,500, na VAT 37,170 kwa mwaka. Na tairi likipasuka peke yake bila ajali, hiyo bima kubwa haikugusi. Watu wengi wanajua hilo siku wakifika dirishani.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuniuliza. Cheti chako cha bima kimeandikwa matumizi gani?

MamaDagaa_Igoma

Nimekitoa kwenye droo. "Binafsi."

Baba, wakala aliniuliza, "Ni gari la kutembelea?" Nikamjibu ndiyo. Mimi nikadhani kutembelea Shinyanga.

Mstaafu_wa_Madai

Nimecheka, nisamehe. Lakini hapo ndipo palipo na moto, binti yangu. Rimu zako zinaweza kujadiliwa. Magunia sita ya dagaa yanayosafiri mara mbili kwa wiki kwa bima ya binafsi hayana mjadala. Mtathmini akifungua mlango wa nyuma ile harufu inaandika ripoti yenyewe. Na kwa kuwa benki wana mkono kwenye gari hilo, madai yakikataliwa mkopo hauondoki. Unabaki bila Noah, na marejesho kila mwezi.

Nenda ofisini, si kwa wakala. Omba wabadilishe matumizi yawe ya biashara, kubeba mizigo. Bei itapanda, utalipa tofauti ya miezi iliyobaki. Wakishabadilisha, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, uone wenyewe umeandika nini, usiamini karatasi peke yake. Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza.

Kijana_wa_Pasiansi

Mzee shikamoo. Na sisi wa bima ndogo? Nalipa 118,000 yangu, si hainihusu hii?

Mstaafu_wa_Madai

Marahaba. Bima ndogo haitengenezi gari lako hata kioo, kwa hiyo upande huo huna cha kunyimwa. Inamlinda yule utakayemgonga. Chini ya Sura ya 169 mahakama ikishampa mtu haki yake kwa kuumizwa, kampuni inamlipa. Ila kama ulivunja masharti ya mkataba, kampuni inaweza kukugeukia wewe ikudai hela yake. Mwenye IST anafuatwa nyumbani, anauza shamba la baba. Soma namba ya uzito kwenye hayo matairi yako ya 17.

Kijana_wa_Pasiansi

82. Nimeshuka chini sasa hivi kuangalia.

FundiTairi_Nyakato

82 ni kilo 475. IST ni nyepesi, kwako siyo kesi. Angalia nati.

MamaDagaa_Igoma

Narudi na majibu, siku nane baadaye.

Za 15 zimerudi. Fundi wa huku Igoma alitaka kukaza kwa bomba, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu, akaenda kuazima spana ya kipimo kwa jirani. Ilipolia "tak" alishangaa kuliko mimi, akaomba airudie kwenye nati zote ishirini. Nilisimama Usagara kukaza tena kama nilivyoambiwa, na yule yule askari alikuwepo. Alizunguka gari, akaweka kiganja, akaondoka bila neno. Krrrr hakuna. Nimefika 90 usukani umetulia kama maji ya Bwiru alfajiri.

Magunia sasa ni manne. La tano na la sita yanapanda basi, nauli yake inakula faida kidogo, ila nalala.

Bima: siku ya kwanza walinipeleka madirisha matatu. Siku ya pili nilivaa vizuri, nikaenda na barua yenye mistari minne kama Baba alivyosema, nikasimama mpaka muhuri ukagongwa. Wamebadilisha matumizi kuwa ya biashara. Hela waliyoniongezea sitaitaja, mdogo wangu anasoma humu na nimemwambia ataichangia. Mfumo wa TIRA nimeufungua mwenyewe, umeandika biashara, nimepiga picha ya skrini.

Kwa mwenye Mark X anayezitaka: rimu nne za 17, 7.5J, ET35, matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3, zipo Igoma. Matairi nayauza mbali, kwa mwenye gari jepesi. Njoo na ringi zako za katikati, na nati za mchongoko. Bei ni laki sita, na anayepokea hela ni mimi, siyo mdogo wangu.